Mume wangu alisema yuko "deuxième bureau" Likasi, nikaenda kuiona kwa macho yangu

Wakuu, jambo yenu wote.

Mimi ni bibi mzee, shule niliachia darasa la nne kwa masista, kwa hiyo mkiona kosa mlipite tu. Lakini majina ya watu sisahau. Nikiongeza chumvi hapa, mtoto wangu Philomène yuko hai, atanikanusha mbele yenu.

Nimesoma humu vijana wa kompyuta wanaulizana namna ya kugawa kazi na nyumba. Mmoja ameandika kwamba mke wake anamshuku kwa sababu ya laptop. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Tulikaa Panda, mtaa wa Likasi huku Kongo, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shaba. Mume wangu, Sylvestre Kabamba, alikuwa fundi wa mawasiliano. Waya, simu za kiwandani, na foni.

Foni ni redio ya kuongea na miji ya mbali. Unabonyeza kifungo unasema, unaachia unasikiliza. Ukimaliza unasema "à vous", yaani zamu yenu. Simu za mkononi hatukuwa nazo, kwa hiyo mtu wa foni alikuwa kama nyinyi wa IT leo, tena kuwazidi.

Ikafika ile miaka ya tisini, kampuni ikaanza kufa. Mafundi wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Papa Mwamba akaenda kulima Kapolowe, Papa Donatien akaenda kuchimba Kambove. Sylvestre akabaki peke yake na mashine.

Na majirani zetu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa jimboni kwa siasa za ukabila. Familia zilikatika vipande: baba Likasi, mama Kamina, watoto Mbuji-Mayi. Wote walitaka kusikia sauti.

Basi mume wangu akawa wa watu wote.

Nyumbani alirudi kimya. Namuuliza, "Baba Philo, siku ilikuwa namuna gani?" Anajibu, "Ilikuwa." Basi. Bukari, yaani ugali, anakula nusu, anageukia ukuta.

Mwanamke akinyimwa maneno anaanza kuangalia vitu. Nikaona blanketi moja halipo. Nikaona shati lake jeupe la misa analivaa Jumanne. Jumanne, wakuu! Fundi wa waya!

Ndipo Mama Adolphine, jirani yangu wa ukuta mmoja, akanikuta natwanga sombe, yaani kisamvu.

"Mama Philo, weye unajua minye sipendi maneno."

Nikajua maneno yanakuja.

"Bwana yako alimuambia bwana yangu na kinywa yake: 'Ukinikosa ku kazi, niko mu deuxième bureau, kule nyuma ya parokia.'"

"Alisema vile?"

"Vile vile. Hata haya hana. Weye uko unatwanga, bwana yako anapigiwa shati pasi kule."

Kwa wasiojua: kwa Kifaransa ni "ofisi ya pili", lakini kwetu Kongo hakuna anayewaza meza na kiti. Deuxième bureau ni mwanamke wa pembeni. Mume anaaga anakwenda kazini, kumbe kazi yenyewe inavaa kitenge.

Sikumuuliza. Niliogopa atajibu.

Nikaanza kupeleleza. Nilinusa shati, likanuka mshumaa wa kanisani. Nikajiambia, kumbe huyo mwanamke anasali sana. Sokoni nilikuwa nachagua samaki huku nachunguza nyuso. Hata Mama Berthe katekista, mtu wa miaka sabini, nilimpunguzia salamu.

Wakati huohuo Philomène alikuwa amepata mchumba, Gilbert wa Kambove. Familia yake ikapanga kuja kwa présentation, yaani kujitambulisha. Siku hiyo baba wa msichana lazima awe kwenye kiti chake. Asipokuwepo, wageni hawasemi kilichowaleta. Wanakunywa maji, wanaaga. Na wakiaga hivyo, mara nyingi hawarudi.

Nilimkumbusha Sylvestre wiki nzima. "Jumamosi saa nne niko hapa," alisema.

Saa nne wageni sita waliingia. Saa tano ikapita. Saa sita.

Msemaji wao, Papa Ilunga, alikitazama kile kiti.

"Mama, baba ya nyumba eko?"

"Eko ku kazi."

"Kazi?" Akawageukia wenzake. "Kazi gani ya Jumamosi, na kampuni ilishakufa?"

Mmoja akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Nyuma ya pazia niliona vidole vya Philomène vimeshika kitambaa mpaka vimepauka. Nikaelewa kwamba hao watu wanawaza kile ninachowaza mimi, na mtoto wangu anaondoka na jina baya.

Nikamwambia Mama Adolphine awape karanga tena. Nikafunga kitenge vizuri. Nikaenda nyuma ya parokia.

Nilikuta chumba kimoja, mlango umerudishwa, dirisha limezibwa na blanketi. Blanketi langu. Na ndani sauti ya mwanamke, tamu, wakuu, siwezi kuwadanganya:

"Sylvestre, uko? Nakungojea, Sylvestre."

Nikasukuma mlango kwa bega.

Ndani palikuwa na benchi, na watu wamejipanga, wale majirani wa Kasai: Papa Tshibangu, Mama Ngalula, Mama Kapinga na mapacha wake, mzee Kalonji na fimbo yake. Mume wangu amekaa mbele ya sanduku la chuma, betri ya gari miguuni, mshumaa mezani. Kitanda hakuna. Mwanamke hakuna. Ile sauti ilikuwa inatoka ndani ya sanduku.

Ofisi ya pili ilikuwa ofisi kweli.

Lakini hasira ilikuwa imeingia mle kabla yangu. Nikanyakua mikro ya kusemea, nikabonyeza kifungo.

"Weye mwanamuke, unamungojea kama nani? Minye njo bibi yake! Wakwe beko ku nyumba tangu asubuhi, kiti ya baba iko tupu, mutoto anataka kulia, na weye unaita Sylvestre, Sylvestre! Muachilie!"

Nikaachia.

Jambo moja sikulijua: foni haina siri. Kila mji ulio kwenye laini ile unasikia.

Ikaja sauti ya mwanamume: "Hapa Kolwezi. Likasi, ni kweli leo ni présentation ya mutoto? À vous."

Na nyingine: "Hapa Mbuji-Mayi. Likasi, funga mashine. Uende. Batu ya huku batangoja. À vous."

Sylvestre alikuwa anatazama betri. "Nilisahau siku," akasema. Wakuu, hakuchelewa. Alisahau.

Mama Ngalula, ambaye kwa siku tatu alikuwa anangoja kumsikia mama yake, akainuka kwenye benchi. "Papa Sylvestre, simama. Hata siye tulizaa." Wengine wakainuka naye.

Hapo ile sauti tamu ikarudi, taratibu.

"Hapa Kamina, ni Claudine wa foni. Mama Philo, unisamehe. Leo umupikie kichwa ya samaki, njo anapenda. Na umuambie aache ile maneno ya ndevu ya Gilbert, kijana ni muzuri. À vous."

Tulitembea haraka. Njiani akanieleza: kule kiwandani umeme ulikatika, padri akampa chumba. Blanketi ni la kuzuia kelele za barabarani. Shati ni kwa sababu watu wanakuja pale kusikia msiba, hawezi kuwapokea na ovaroli. Wageni walikuwa bado wapo. Alipokaa, Papa Ilunga akasema, "Sasa tunaweza kuongea." Philomène aliolewa, na Jumamosi foni haikufunguliwa tena.

Mngetaka niishie hapo. Mama Adolphine pia alitaka.

Lakini zile ndevu za Gilbert? Sikuwahi kusikia kwamba Sylvestre hazipendi. Kichwa cha samaki? Miaka ishirini namwekea mkia, anakula bila neno.

Kesho yake nilimuuliza, "Claudine ulishamuona?"

"Hapana. Hata sura yake siijui."

Nilimwamini. Namwamini hata sasa, na yeye ameshazikwa. Ila kati ya ujumbe na ujumbe, mafundi wa foni walikuwa wanaongea. Mambo yote ya nyumba yangu aliyamalizia kule, akaniletea mimi "Ilikuwa".

Somo nililopata ni hili. Vijana, mke akikushuku, usimfungulie laptop umwonyeshe kwamba hakuna mwanamke. Mimi pia nilionyeshwa chumba kisicho na mwanamke, na haikutosha. Mpe ile habari ya siku yako kabla hujampa mtu wa kazini. Kazi haianzi kwa kula saa zako, inaanza kwa kula maneno yako, na nyumba isiyo na maneno hujaa mawazo mabaya yenyewe.

Mtasema nilimwonea wivu mtu asiye na sura. Haya, nisahihisheni. Nasoma polepole, lakini nasoma zote. Na wake wa mafundi mliomo humu, niambieni: mtu ambaye hajawahi kumgusa mume wako, lakini anakuambia wewe anachopenda kula, utamdai nini?