Jicho la Sungura

Watu walimwita Bi Meno, na yeye hakuchukia. Alikuwa na meno mawili ya mbele, makubwa na imara, yenye mwanya katikati, na kwa meno hayo alijipatia jina kubwa kuliko wengi wanavyojipatia kwa vyeti. Kazi yake ilikuwa kushona wanasesere wa watoto wadogo. Alishonea nyumbani, katika chumba chenye dirisha moja, akiacha mlango wazi ili apate mwanga. Alishona sungura, tembo, paka wanene, na vifaranga wadogo wa kuvaa vidoleni. Wote walikuwa wa felti, kile kitambaa kizito kinachokatwa kwa mkasi bila kutoa nyuzi pembeni. Ndani alijaza pamba, akiisukuma kwa kijiti mpaka kwenye ncha za masikio, maana mnyama mwenye masikio matupu alimwona kama mgonjwa.

Macho aliyashona mwisho kabisa. Alitumia vifungo vyeusi vya plastiki, vidogo, vya matundu mawili, na hakukubali vya aina nyingine kwa sababu alisema sungura wa matundu manne ana macho ya mlevi. Kabla ya kumkabidhi mteja mzigo wake, alilibana jicho kwa yale meno ya mbele, akamshika mnyama kwa mikono yote miwili na kuvuta kwa nguvu huku akinguruma. Wateja walicheka. Watoto walipiga kelele za furaha. Jicho likikaa imara, alimfuta mnyama mate kwa kanga yake na kusema neno moja tu.

"Nimeuma."

Hapo mambo yalikwisha. Mama fulani akiuliza kama mwanawe hatalinyofoa jicho, wenzake ndio waliomjibu kwamba Bi Meno ameshauma, meno ya mtoto hayafui dafu. Wapo wajuaji waliomshauri adarizi macho kwa uzi na kuachana na vifungo, hasa kwa watoto ambao bado wanatia kila kitu mdomoni. Alijaribu mara moja. Wateja wakasema wanyama wake wana usingizi, na yeye akarudi kwenye vifungo vyake bila kinyongo.

Halafu meno yakaanza kumwacha. Fizi zilivimba, jino moja likacheza kwa muda mrefu, mwisho likabaki kwenye kipande cha mkate mkavu. La pili halikukawia. Aliyafunga yote mawili kwenye kitambaa akayatia katika kopo la vifungo, na tangu siku hiyo akawa anazungumza huku ameziba mdomo kwa kiganja. Watu walidhani ni haya za uzee. Binti yake wa pekee aliolewa mbali na hakuja mara kwa mara, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia fungua mdomo tuone.

Ukutani kulikuwa na koleo la marehemu mumewe, na koleo lingeifanya kazi ile vizuri. Alilijaribu, likakwaruza vifungo, akalirudisha kwenye msumari. Lakini tusimpambe. Kilichomshinda si mikwaruzo, ni aibu. Watu walikuja kuona meno, na yeye hakutaka kuwaambia kwamba meno yako kwenye kopo. Akabuni ujanja. Aligeuka kidogo, akamkandamiza mnyama usoni pake, akatikisa kichwa na kunguruma kama zamani, kisha akamfuta mate ambayo hayakuwepo. Mtihani wa kweli aliufanya peke yake kwa vidole, na vidole navyo vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Macho mengi hayakutoka. Hilo ndilo lililomponza, maana kila jicho lililokaa lilimpa moyo wa kudanganya tena.

Jirani yake alikuwa fundi cherehani, mwanamke mchapakazi ambaye mashine yake ilisikika ukutani kutwa nzima. Walipatana sana. Fundi alimwachia Bi Meno vipande vyote vya felti na vitambaa vinavyodondoka chini ya meza, na kila wiki bibi alikwenda kuvichagua kwa magoti, huku wakisemezana na kutaniana. Fundi alikuwa amekaa miaka mingi kwenye ndoa bila mtoto. Alipopata mimba, wa kwanza kuambiwa baada ya mumewe alikuwa Bi Meno.

"Nishonee sungura, bibi," fundi alimwambia. "Lakini huyu asiwe kama wa kila mtu."

Bi Meno alishona sungura wa kijivu, ndani ya masikio akaweka felti nyekundu. Alipomaliza aligeuka, akamkandamiza usoni pake, akanguruma mpaka fundi akashika tumbo kwa kicheko.

"Nimeuma," alisema.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mnene, akaitwa Kibonge kabla hajafikisha arubaini. Bi Meno alimwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kiume, akamsuta kwamba halipi kodi wala hanunui sukari. Alimpenda. Alimpenda kuliko alivyotaka watu wajue, na jioni alikuwa akikaa mlangoni kwake akisubiri tu aletwe.

Kibonge alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta siku fundi alipoingia na sungura mkononi, mtoto akiwa mgongoni.

"Bibi, huyu kawa chongo."

Bi Meno alimpokea. Jicho la kushoto halikuwepo. Alileta uso wa sungura karibu na mlango, kwenye mwanga, akaona uzi wake mwenyewe ukining'inia. Haukuwa umekatika. Ulikuwa umeteleza mzima kwa sababu fundo lilikuwa legelege, na fundo lile lingetoka kwa mvuto wa kwanza wa meno yale ya zamani.

"Jicho lenyewe liko wapi?"

"Nitajuaje, bibi? Litakuwa limedondokea huko huko kwenye vitambaa."

Mgongoni mtoto alikohoa, kikohozi kikavu chenye mluzi mwishoni.

"Kifua bado?"

"Bado. Tumeshamaliza dawa chupa ya pili. Kinapoa kidogo, kinarudi. Walimpiga na picha, hawakuona kitu."

"Kilianza lini?"

"Ghafla tu. Alikuwa anacheza sakafuni, akapaliwa, nikampiga mgongoni, akanyamaza. Basi, tangu siku hiyo."

Bi Meno alielewa pale pale. Naweza kusema alisahau, au hakuwa na uhakika, lakini nitakuwa namsitiri bure. Alielewa, na kilichopita kichwani mwake si mtoto kwanza, bali swali ambalo lingefuata. Si uliuma?

"Niachie sungura," alisema. "Kesho nitakuja kuokota vipande, nitaliangalia."

Kesho yake alikwenda mapema. Alipiga magoti chini ya meza ya cherehani akaanza kupapasa sakafu, akifukua vipande, nyuzi, chaki zilizovunjika, ncha za zipu. Alitafuta nyuma ya miguu ya meza na chini ya pedali. Alitaka jicho lile liwepo pale kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Kibonge alidhani ni mchezo. Alitambaa pembeni yake akicheka, na kila alipocheka kikohozi kilimkata, akasimama akivuta pumzi huku amemtumbulia macho bibi yake.

"Mume wangu, pumzika," Bi Meno alimwambia. "Nakuja kucheza nawe."

Kwenye pembe ya ukuta vidole vyake vilikuta kifungo. Kilikuwa cheusi, kidogo, cha plastiki. Alikisugua kwa kidole gumba, na kidole kikahesabu matundu kabla ya macho. Yalikuwa manne. Kwa fundi cherehani vifungo vya namna ile hudondoka kila siku.

Juu yake mashine ilisimama.

"Umepata nini, bibi?"

Alikuwa bado chini ya meza, ngumi imefumbwa, na aliliona pindo la gauni la fundi na miguu yake iliyovimba kwa kukaa.

"Jicho lenyewe hili hapa," alisema.

Fundi alishusha pumzi ndefu. "Afadhali. Nilishaanza kuwaza mambo. Leo nilitaka nimwambie daktari labda kalimeza."

"Hapana. Si ndilo hili hapa?"

Alirudi kwake, akamshonea sungura jicho lile la matundu manne kwa uzi mara tatu zaidi ya kawaida, akafunga fundo mpaka kidole kikachubuka. Alipomrudisha, fundi alikuwa na mteja, akampokea bila kumwangalia vizuri.

Baada ya hapo kikohozi kiligeuka homa. Midomo ya mtoto ikaanza kuwa na rangi mbaya, akawa hali chakula, na asubuhi moja Bi Meno hakusikia cherehani ukutani. Walikuwa wamempeleka hospitali kubwa akalazwa. Bi Meno alijaribu kushona, lakini kila alipoingiza uzi kwenye tundu la kifungo aliuchomoa tena. Aliwasha moto wa chai akausahau. Alikaa hivyo siku kadhaa, akiambiwa na wapita njia kwamba hali si nzuri, akijibu kwamba Mungu yupo. Mwisho alijitanda kanga akaenda.

Mlangoni mwa wodi alimkuta nesi, akamweleza huku kiganja kikiwa mdomoni.

"Toa mkono, bibi. Sikusikii."

Akautoa.

"Mtoto wa fundi cherehani ana kifungo kifuani. Jicho la mdoli. Cha plastiki."

Nesi alimtazama mara moja, akageuka na kwenda mbio. Daktari alisema baadaye kwamba plastiki haionekani kwenye ile picha, na kama wangeambiwa mapema wangeshaingiza mpira wenye kamera zamani. Waliingiza siku hiyo hiyo, wakakitoa. Lakini upande mmoja wa pafu ulikuwa umeshajaa usaha. Kesho yake Kibonge alifariki.

Bi Meno alikwenda msibani akakaa nyuma ya wanawake wote. Hakuna aliyemsema. Wengine walimshika mkono wakamshukuru kwa kukimbilia hospitali, na yeye aliwaacha wamshukuru.

Fundi alikuja watu walipokwisha kupungua. Aliingia bila hodi, akakaa kwenye kigoda mbele ya meza ya kukatia, akamweka sungura juu ya felti. Pembeni yake akaweka kimfuko cha plastiki cha hospitali.

"Walinipa hiki," alisema. "Wakaniambia kuna bibi alikuja kuwaeleza."

"Nilikwenda, mwanangu."

Fundi alikitoa kifungo akakiweka karibu na uso wa sungura. Sauti yake haikupanda.

"Mimi ni fundi, bibi. Hiki kina matundu mawili. Jicho hili la kulia, mawili. Hili uliloniokotea kwangu, manne."

Bi Meno aligusa lile jicho la matundu manne kwa ncha ya kidole.

"Ulijua ukiwa chini ya meza yangu."

"Nilijua."

"Ulijuaje kwamba jicho linaweza kutoka? Si uliuma? Nilikuona kwa macho yangu, nikacheka."

Kiganja cha Bi Meno kilikuwa kimeshapanda mdomoni chenyewe. Fundi alinyoosha mkono, akakishika, akakishusha taratibu mpaka mezani, akakibana hapo.

"Fungua mdomo."

Akafungua. Mlango ulikuwa wazi na mwanga ulitosha. Fundi aliangalia fizi zile tupu kwa muda, kama anavyoangalia mshono wa fundi mwingine.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujapata mimba yake."

Fundi aliuachia mkono. Alichukua mkasi uliokuwa juu ya felti, akalikata lile jicho la matundu manne, akaliacha mezani. Kifungo cha hospitali alikirudisha kwenye mfuko wake, akamtia sungura kwapani, akainuka. Mlangoni alisimama bila kugeuka.

"Vipande usije kuokota tena, bibi."