Meno Kumi na Moja ya Bibi

Siku Fundi Pindo alipokata vichwa vya ukoo mzima alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na hakutumia panga. Alitumia kamera ya kuazima, mchana kweupe, kwenye harusi ya kaka yake, huku watu wenyewe wakimtabasamia.

Ilikuwa hivi. Mpiga picha aliyealikwa, rafiki wa bwana harusi tangu shuleni, alifika mapema, akapitia jikoni kuwasalimia akina mama, na salamu zikawa ndefu. Akaonja hiki, akaonja kile, akarudia kile cha kwanza kisije kikajiona kimedharauliwa. Maharusi wanatokea mlangoni, yeye yuko mbio mbio anatafuta choo.

"Pindo," alinong'ona, jasho likimtiririka, "wewe mkono wako hautetemeki. Unatunga uzi kwenye sindano huku unaongea na mteja. Shika hii. Chungulia hapa, bonyeza hapa. Nakuja sasa hivi."

Hakuja sasa hivi. Hakuja kabisa.

Sasa, ni lazima umjue Pindo. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake, kwenye chumba cha mbele chenye meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na rundo la vitambaa vyenye vikaratasi vya majina ya wenyewe. Mtu akiingia, Pindo alianza kumwangalia kwenye kola, akashuka mabegani, kiunoni, mpaka kwenye pindo la chini, akamaliza. Uso ulikuwa kitu cha kusalimiana nacho tu. Na nguo zote za harusi ile, kumi na tisa, zilikuwa za mkono wake. Kwa hiyo alipochungulia kwenye kile kitundu, jicho lilienda lilikozoea kwenda, na kidole kikabonyeza.

Jumatatu picha zilipotoka kusafishwa, familia yote ilikusanyika sebuleni. Kaka mtu ndiye aliyefungua bahasha. Akatazama ya kwanza. Akatazama ya pili. Akaigeuza juu chini.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe," Pindo akasema.

"Umejuaje?"

"Bega lako la kushoto limeshuka. Nilikuwekea pedi. Angalia lilivyokaa, kama si wewe!"

Wifi yake akamnyang'anya mumewe zile picha. Kulikuwa na mkono wa suti umekamata mkono wa gauni. Kulikuwa na keki, kisu, na vifungo vinne vya shati. Kulikuwa na mstari mzima wa wazee wa pande zote mbili, suruali zimenyooka, na hakuna hata mmoja mwenye kidevu.

"Wifi yangu," alisema taratibu, "watoto wangu wakiniuliza baba yao alikuwaje siku ile, niwaoneshe vifungo?"

"Vimeshonwa mara mbili hivyo," Pindo akajitetea.

Zikapigwa kelele pale, na vicheko, na mmoja wa mashangazi akawa anashindana na mwenzake kutambua magoti ya nani ni yapi. Pindo alikuwa ameanza kuamini kwamba mambo yataishia kwenye utani, mpaka bibi yake mzaa mama, aliyeketi kwenye kiti cha kona, aliponyoosha mkono.

"Mimi niko wapi?"

Pindo akamtafutia. Lilikuwa gauni la kijani, zuri kupita yote, na mikono miwili ya kizee imepakatwa juu yake.

"Na meno yangu yako wapi?"

Wote walijua habari ya meno. Bibi alikuwa na dada yake, aliyeitwa Bibi Mkubwa, ambaye aliolewa mbali sana, siku mbili za safari, na walikuwa hawajaonana miaka tisa. Ila habari zilisafiri. Na habari ya karibuni ilikuwa kwamba Bibi Mkubwa anawatangazia watu kisimani kuwa mdogo wake amekwisha, hana hata jino, analishwa uji kwa kijiko.

"Nina meno kumi na moja," bibi alisema. "Yote ya mbele. Nimesafiri na haya magoti kuja kwenye harusi hii ili nipigwe picha, mjomba wenu akirudi kule Jumamosi ampelekee yule mwanamke, ayahesabu mwenyewe. Sasa nimpelekee nini? Gauni? Si atasema limevalishwa gogo!"

Alipofuta macho kwa ncha ya kanga, Pindo alitamani ardhi impasukie.

"Bibi, kabla ya Jumamosi utakuwa na picha. Naapa."

"Ya kichwa?"

"Ya kichwa."

"Mke mwenzangu, usinidanganye. Mimi na wewe tunagombania mume mmoja, babu yako, na yeye alishanidanganya vya kutosha."

Mpiga picha, aliyekuwa bado hathubutu kula kitu kigumu, alimwachia Pindo kamera kwa aibu, wala hakuikumbushia ile suti ambayo kila siku alimlilia amshonee. Jumanne Pindo akamkalisha bibi karibu na dirisha, akajilazimisha kupanda na jicho: pindo, kiuno, kola, endelea, endelea, haya, kidevu. Akapiga kumi na mbili. Jumatano zikatoka. Kichwa kilikuwapo katika picha zote. Mdomo nao ulikuwa umefungwa kama pochi ya bahili.

"Bibi! Si nilikwambia ucheke?"

"Nilicheka. Ndani kwa ndani."

"Ndani kwa ndani haionekani!"

"Mwanangu, mtu mzima anatazamwa na lile jicho la kioo, halafu akenue? Nina adabu zangu."

Alhamisi wakajaribu tena. Safari hii bibi alikubali kuonyesha meno, lakini kwa masharti yake. Alipanua mdomo wote, akaangalia dari, akasema, "Aaaa." Jamaa wa duka la kusafisha picha alimkabidhi Pindo bahasha kwa huruma.

"Pole, fundi. Daktari amesemaje?"

Ikabaki Ijumaa. Duka la picha lilifungwa saa kumi na moja jioni, na mjomba alikuwa ameshafunga mizigo. Pindo hakupata usingizi wala hamu ya kushona. Alijitupa kwenye kiti cha cherehani, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akamtazama bibi aliyejipanga mbele ya dirisha kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Kifua juu, pumzi zimebanwa, mdomo umekazwa.

Na hapo ndipo akaona kitu. Mkao ule aliujua. Ni mkao wa kila mteja anayepimwa kiuno. Watu wote, mnene na mwembamba, futi ikiwagusa tu wanavuta tumbo ndani na kubana pumzi. Fundi mgeni anaandika kile kipimo cha uongo, na nguo inakuja kupasuka wakati mwenyewe anainama kusalimia wakwe. Fundi mzoefu haandiki. Anamwekea mteja umbea. Anamchokoza kuhusu jirani yake, mteja anaanza kusimulia, tumbo linarudi mahali pake, na kipimo kinachukuliwa bila mwenyewe kujua.

Pindo akaiweka kamera juu ya meza ya kukatia, kama aliyekata tamaa.

"Basi bibi, tuache. Simama nikupime, nikushonee jingine."

Bibi akasimama. Futi ikapita mgongoni.

"Hivi ni kweli," Pindo akauliza akiwa ameinama, "kwamba Bibi Mkubwa ndiye aliyekuwa mrembo zaidi yako mlipokuwa wasichana?"

"Nani kakwambia?"

"Nasikia wakwe walipokuja kumwona walibaki wameduwaa."

"Waliduwaa!" Bibi akashika kiuno. "Nikwambie kwa nini waliduwaa? Siku ile baba alikuwa amepaka rangi viti. Yule akajifanya bibi harusi, akakimbilia kukaa kabla hatujamwambia. Wageni wakaingia. Akainuka kusalimia, na kiti nacho kikainuka!"

"Acha bwana."

"Wallahi! Akazunguka wageni saba, mmoja mmoja, kiti kimemng'ang'ania nyuma, na yeye kaona aibu kukitoa. Mzee mmoja akawaambia wenzake, 'Binti mstaarabu huyu. Anatembea na kiti chake, hasumbui wenye nyumba!'"

Na bibi akacheka. Alicheka kwa mabega, kwa tumbo, kwa kichwa kilichorushwa nyuma, na Pindo tayari alikuwa na kamera machoni, akipiga huku naye anacheka mpaka hajui anabonyeza nini.

Katika picha saba, nne zilikuwa za ukuta. Mbili zilitikisika. Ya saba ilikuwa ya bibi, kichwa na kola, macho yamefumba kwa furaha. Jamaa wa duka aliiinua kwenye mwanga, akaanza kuhesabu kwa kidole bila kuambiwa. "Kumi na moja," akasema. Bibi naye alihesabu, kisha akaigusa ile picha shavuni, kana kwamba ni mtoto wa mtu. "Kumbe ndivyo nilivyo," alisema.

Jumamosi mjomba akaondoka nayo ndani ya shati, juu ya moyo.

Majibu hayakuja kwa barua. Wiki tatu baadaye kizee kimoja kirefu kilisimama mlangoni kwa Pindo, na begi mkononi na vumbi la siku mbili kwenye viatu.

"Wewe ndiye fundi wa meno?"

"Shikamoo, Bibi Mkubwa."

"Marahaba. Mimi ninayo kumi na manne." Akaingia, akakaa bila kukaribishwa. "Ila mengi yako kule nyuma kabisa, gizani. Utayafikiaje?"

Pindo akamtazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimtazama mtu bila kujua gauni lake lina rangi gani. Alikuwa anawaza dirisha, na ile shuka nyeupe iliyokuwa mezani bado haijakatwa, kama ikishikwa upande huu ingeweza kurudisha mwanga ndani ya kinywa.

"Keti hapohapo, bibi. Usifunge mdomo," alisema, akatoka mbio kwenda kumwambia mpiga picha kwamba suti anayoililia ataipata, vipande vitatu, kizibao kikiwamo, lakini ile kamera hairudi tena.