Nyuzi Nyeupe za Dobi

Mnanichosha, ninyi mnaopanga vitabu kwa rangi ili mpige picha. Mtazameni dobi wa mtaani kwetu.

Wiki nzima anafua na kupiga pasi nguo za watu, mgongo hoi. Jumapili iliyopita mkewe alimwambia kwamba mdogo wake yeye mke anahamia chumba cha nyuma, kwa hiyo maboksi ya vitabu vya dobi yaliyomo humo yatoke.

"Ulivyosoma, bakisha. Ambavyo hujasoma nampa muuza karanga afungie."

Dobi alikuwa amechoka mno, hakubisha. Alikaa sakafuni akavitia alama kama nguo za wateja: uzi mwekundu alivyosoma, mweupe ambavyo bado. Kufika alasiri, vyekundu vilikuwa kumi na kimoja tu. Vyeupe vilijaza chumba.

Mkewe akacheka. "Baba watoto, kumbe miaka yote ulikuwa unanunua mapambo?"

"Nilikuwa nafua mashuka ya watu, mama. Hivi vitabu nilijiwekea akiba. Ukivigawa, siku mikono ikigoma nitabaki na nini?"

Mkewe alivitazama vidole vya mumewe, vimekunjamana kwa maji na sabuni.

"Haya, vilete chumbani kwetu. Ila vikiniangukia nimelala, utanitambua!"

Wakavipanga ukutani, vyeupe kwa chini ili avifikie akiwa amekaa. Dobi akaegemea kitanda, akavitazama vyote pamoja kwa mara ya kwanza, akashusha pumzi. Roho ilitulia.

Leo Jumapili ameanza kimoja. Tafadhali, shati lako mpelekee kesho.