Kuku Zenye Mama Alichinja Mbio

Wakati ya rebellion, ile vita ya waasi, tulikuwaka tunakaa Manguredjipa. Baba alinipandisha ku camion ya rafiki yake, Muislamu wa Beni mwenye alikuwaka anabeba muchele na mafuta. Aliniambia ni ya juma mbili tu. Nilikaa kule miaka mbili.

Ile familia balinitia ku masomo pamoja na batoto yao, na bibi ya ule mutu nilimuita Mama Mukubwa. Kisha vita ilitulia, nikakuta bazazi yangu Mususa, fasi balikimbilia. Mama alilia, alicheka, alinipima urefu na mukono. Kisha akaanza kuniangalia. Nilivua viatu ku mulango, akaangalia. Niliomba tangawizi ndani ya chai, akaangalia.

Baba alisemaka bale batu balinisaidia sana, ju sasa najua kifaransa na kutumika bila kuitwa. Mama alisemaka mutoto mwenye analelewa kwa bengine anarudia mugeni, hata kama banamupenda. Mimi nilikuwa katikati, vacances ya masomo inaisha, na nilitaka kurudia Beni kumaliza masomo ya secondaire. Mama alisema atajibu siku bale ba Beni banakuya kutusalimia.

Ile siku nilienda kuchota mayi. Kurudia, nilikuta kuku mbili ndani ya nyungu na mama anaimba. Alizichinja mbio, ju wageni basingoje. Mais Bislamu hapana kula kuku yenye Muislamu mwenzabo hakuchinja. Nilisema ile bila kupima maneno. Mama aliweka mwiko chini.

«Donc kuku yangu haifae tena? Njo ile nilikuwa nasemaka.»

Nikaona secondaire yangu inapanda na moshi.

Camion ya bale ba Beni ilifika mbele ya midi, saa sita. Nilimusongea Mama Mukubwa, nikamuelezea ku sikio. Hakucheka. Aliingia moja kwa moja ku jikoni, akasema njia yote alikuwa na hamu ya maharagi, kama iko. Ilikuwako. Bwana yake alikula maharagi na bugali, akaongeza, akaongeza tena. Kisha akaanza kunishitaki.

«Mama, huyu binti yako anasali mbele ya chakula mpaka bugali inapoa. Miaka mbili tunakula baridi.»

Akasema hata mutoto wao wa mwisho anaimba sasa wimbo ya kanisa yetu, vibaya sana.

Mama alinigeukia. «Ulikuwa unasali?»

«Kila siku, mama.»

«Na luga yetu, Kinande?»

«Na Kinande.»

Alisimama, akatoka. Tukasikia mbio na makelele ya kuku nyuma ya nyumba. Alirudia anahema, na kuku ya tatu, miguu imefungwa, akaiweka ku mapaja ya Mama Mukubwa.

«Hii iko muzima, mutachinja wenyewe. Mupeleke na huyu mutoto. Kuku hapana kurudisha. Mutoto, munirudishie ku Noeli.»

Mama Mukubwa alijibu «wasingya», ile aksanti ya Kinande yenye nilimufundisha. Baba alijifanya anakohoa. Mimi valize yangu ilikuwa imefungwa tangu juzi.

Ile kuku hakuna mutu aliichinja. Ku Noeli nilishuka Mususa na vifaranga vyake vitatu ndani ya kitunga. Mama alivisalimia kwanza, kisha mimi.