Mzungu Aliyetaka Shavu

Juzi mjukuu wangu alinisomea neno la Kiingereza, shove, yaani kusukuma kwa nguvu. Nikacheka peke yangu. Nilikumbuka siku moja ya utotoni, kijijini kwetu Chukwani: mama alikuwa na uchungu wa kuzaa, na daktari aliyefuatwa, bibi wa Kizungu, gari yake ikazama mchangani njiani.

"Shove! Shove!" akatwambia sisi watoto.

Tukasikia shavu. Maskini, nikasema, jino lamuuma. Nikaitema karafuu niliyokuwa nikiitafuna, ingali yanukia, nikampa atulize jino.

Shangazi akatokea mbio. "Mama'ko anazaa, we wagawa karafuu! Sukumeni gari!"

Tukaisukuma mpaka nyumbani. Muda si muda, nikamsikia shangazi chumbani: "Sukuma, wifi, sukuma!"

Nikatoka mbio kutafuta gari nyengine iliyokwama. Sijaiona bado, mdogo wangu mchanga akalia ndani.