Chokoleti za Njegere Nilizopeleka Busanza

Najua nitajuta kuisimulia hii, lakini nimechoka kuisikia ikisimuliwa na wengine, tena vibaya, kila mtu akiongeza chumvi yake (na chumvi, kama mtakavyoona, ilikuwemo ya kutosha tangu mwanzo). Mimi ndiye yule dada wa Kagugu, hapa Kigali, aliyepeleka chokoleti za njegere ukweni Busanza. Ndiyo, njegere, hizo hizo unazozijua. Mpaka leo nikibisha hodi Busanza wananiuliza kwanza nimebeba nini, ndipo waseme karibu.

Chanzo ni mchumba wangu, Égide, mwanaume mwenye upendo mwingi na mdomo usio na mlango. Wakati huo mama yake alikuwa hajakubali kupanga siku ya gusaba, ile siku ambayo kwa Wanyarwanda ukoo wa mvulana unakuja rasmi kumuomba msichana kwao, na bila siku hiyo mimi ningebaki mchumba mpaka meno yaning'oke. Sababu hakuisema wazi, ila Égide aliniletea kwa vipande vipande: mama amesikia kwamba wasichana tuliolelewa Tanzania tunajua kuongea, tena vizuri sana, na hapo ndipo ufundi wetu unapoishia. (Mimi nimekulia Karagwe. Kupika najua. Wali, maharage, ndizi, mtu anataka nini zaidi?) Sasa dada yake Égide, anaitwa Clarisse, akajifungua, na wanawake wa ukoo wakapanga kwenda guhemba, yaani kumpelekea mzazi maziwa na uji na vinywaji apate nguvu, na huyu bwana akasimama mbele ya mama yake akatangaza kwamba Dativa atakuja na zile chokoleti za pistachio zinazotamba kwenye simu, zile ukiziuma zinalia kru, na atazitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

"Mimi?" nikamuuliza kwenye simu.

"Si ulinionyesha video?"

Kwa akili ya Égide, ukimwonyesha video ya ndege basi wewe ni rubani. Ningekataa palepale yangeisha. Lakini nikamfikiria mama yake akitikisa kichwa na kusema si niliwaambia, kiburi kikanipanda, nikajibu, "Mwambie mama asiwe na wasiwasi."

Kwa wasiozijua, chokoleti zile ni vitufe vidogo vya kutia mdomoni mara moja. Unasaga pistachio mpaka zinalainika, unachanganya na tambi nyembamba zilizokaangwa zikakauka, unaviringisha, unagandisha, halafu unachovya kwenye chokoleti iliyoyeyuka. Yule dada wa kwenye video alimaliza yote kwa muda wa kuchemsha chai, ana kucha ndefu, kavaa gauni jeupe, hana hata doa. Basi Ijumaa baada ya kazi nikaingia duka moja la Remera, nikashika kipakiti cha pistachio, nikakigeuza nikaona bei, nikakirudisha taratibu kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Nikajiambia kesho asubuhi nitatafuta duka lingine. Nikanunua chokoleti, tambi, na kichupa cha rangi ya kijani ya keki (yule dada alisema tone moja tu, la kuchangamsha), nikaenda nyumbani nikalala vizuri kabisa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Anayeishi Kigali ameshaanza kucheka, wengine nawaeleza: ni siku ya umuganda, asubuhi watu wote wanatoka na majembe na mafagio kufanya kazi za mtaa, maduka yamefungwa, barabarani kimya, na Égide alikuwa amepanga kunipitia mara tu magari yatakaporuhusiwa. Nimeishi mji huu miaka, umuganda unakuja kila mwezi, na kila mwezi unanishangaza upya. Nikachimba mtaro kidogo na majirani nikiwa na uso wa raia mwema, kisha nikamwambia kiongozi wetu kwamba tumbo linanisokota, nikarudi ndani kusimama mbele ya friji na kuitazama kwa matumaini.

Friji ikanipa bakuli la njegere za jana.

Nikafikiri hivi, na hapa ndipo mnaruhusiwa kunidharau: pistachio ni ya kijani, njegere ni ya kijani, ndani ya chokoleti ni giza, nani ataona? Nikaziosha zile njegere ili chumvi itoke (haikutoka), nikaondoa vitunguu (nilivyoviona), nikazisaga na karanga na sukari. Ikatoka rangi ya sare ya mgambo. Nikatia tone la rangi, hakuna kitu. La pili, wapi. Nikakasirika nikamimina kichupa chote, na bakuli likawa la kijani ambacho hakijawahi kuota kwenye shamba lolote la nchi hii. Tambi nazo zilikuwa zinaendelea vizuri kwenye kikaango mpaka Égide alipopiga simu kuniuliza nimefikia wapi, na nilipomaliza kumjibu zilikuwa zimefika zenyewe. Nikazichanganya hivyo hivyo, nikijiambia kwamba kru ni kru.

Chokoleti sikujua kwamba inachukia maji. Niliiweka kwenye bakuli juu ya sufuria inayochemka, mvuke ukadondokea ndani, na kufumba na kufumbua nilikuwa nakoroga udongo wa mfinyanzi. Nikaiokoa kwa mafuta ya kupikia. Ikalainika, ikang'aa, ila ikawa imeapa haitaganda tena maishani, kwa hiyo vitufe vikaenda moja kwa moja kwenye friza. Vilipotoka vilikuwa vizuri! Nasema kweli, kwa nje vilikuwa vizuri kuliko vya kwenye video, vya mviringo, vyeusi, nikavipanga ndani ya agaseke, kale kakapu ka zawadi kenye mfuniko uliochongoka, nikavaa mushanana, vazi letu la sherehe la kufunga begani, yangu ya rangi ya maziwa, imekaa sawasawa, nikajitazama kwenye kioo nikaona mke wa mtu.

Sebule ya Clarisse huko Busanza ilikuwa imejaa wanawake, wote mushanana, wote wazuri, wote wananitazama. Clarisse alikuwa kwenye kochi na kichanga chake, mama mkwe pembeni yake, na karibu yao alikaa Masenge, ndiyo kusema shangazi yao, mwanamke mkavu ambaye ukimsalimia unajihisi unaombwa kitambulisho. Watu wakatoa zawadi zao, maziwa kwenye jagi kubwa, uji, sabuni. Zamu yangu ikafika, nikapiga magoti, nikafunua agaseke. Wakaguna kwa kupendezwa. Ningenyamaza hapo! Lakini mtu aliyesifiwa hana akili.

"Mama, nimetengeneza mwenyewe. Ndani ni pistachio."

"Iko ya wapi hiyo?" mama mkwe akauliza. Yeye Kiswahili chake ni cha Bujumbura, alikokulia kabla ya kurudi Rwanda, na alikitumia kwa kunionea huruma kwa sababu Kinyarwanda changu ni cha kuazima.

"Ya Uturuki, mama."

Jamani, Uturuki. Sijui ilitoka wapi. Clarisse akanyoosha mkono achukue kimoja, na Masenge akaushika mkono ule hewani.

"Oya, oya, hapana. Kwanza adabu. Mwenye kuleta iko anasogongera."

Kusogongera ni kuonja kwanza. Kwa Wanyarwanda aliyeleta pombe anapiga funda la kwanza mbele ya watu ili kila mtu aone haina kitu kibaya ndani, desturi nzuri sana, nimeiona mara nyingi na kuisifu. Ila mimi nilidhani ni mambo ya pombe tu. Simu zikanyanyuliwa, tatu au nne, kunirekodi mkwe mtarajiwa nikionja chokoleti ya Uturuki. Nikatia kitufe mdomoni, nikauma. Kru! Iliyolia pale ni tambi iliyoungua, ikafuata ladha ya njegere, halafu moshi, halafu kipande cha kitunguu ambacho kilinikwepa asubuhi, na kwa kuwa watu walikuwa wanasubiri, nikameza, nikawatolea tabasamu pana, la meno yote.

Mtu akapiga yowe.

"Mana yanjye! Meno!"

Nikajipangusa midomo kwa kiganja, kiganja kikawa cha kijani, nikakifuta (bila kufikiri, najua) kwenye mushanana, na mushanana ikawa ya kijani na kahawia kifuani kote. Clarisse akamkumbatia mtoto akasogea mpaka mwisho wa kochi. Masenge akasimama.

"Langi gani hii? Sumu hii! Amejimaliza mwenyewe! Leteni maziwa!"

Wakaniletea jagi zima, maziwa aliyoletewa mzazi, na Masenge akanishika taya kama anamnywesha ndama dawa, nikanywa, nikitaka kusema ananiongezea, nikanywa mpaka tumbo likaanza kunisokota kweli (ule uongo wa asubuhi kwenye mtaro ukawa umelipwa). Égide alisimama mlangoni midomo imemkauka, anauliza, "Dativa, umekula nini? Umekula nini?" swali ambalo alipaswa kuuliza siku ile ya simu.

Halafu nikaona kilichonitisha. Wanawake walikuwa hawanitazami mimi tena, walikuwa wanatazama agaseke, halafu Clarisse, halafu mtoto. Nikaelewa wanachokifikiria: vile vitufe vililetwa kwa mzazi anayenyonyesha, na aliyevileta ni mimi. Hapo sikuona cha kuchekesha. Nikinyamaza, nitatoka nyumba ile na jina ambalo msichana halifuti hata akihamia nchi nyingine, na Égide nimempoteza. Nikisema, basi mimi ni muongo mwenye meno ya kijani, na mama yake alikuwa sahihi siku zote.

"Ni njegere!" nikalia. Nililia kweli, machozi na kamasi. "Si sumu, mama, ni amashaza! Ni amashaza ya kwenye friji na rangi ya keki!"

Masenge akaniachia taya. Akafikiri.

"Amashaza ya Uturuki?"

"Ya Kagugu."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akainuka, akaja taratibu mpaka pale nilipopiga magoti, nikajua anakuja kuninyanyua anitoe nje. Akainama, akachukua kitufe kimoja, Masenge akasema yewe, yewe, acha, yeye akakitia mdomoni. Kru! Akatafuna. Akatafuna sana, macho juu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Mwana wanjye," akasema, "kitunguu ya nini?"

"Zilikuwa za jana, mama."

"Na moshi?"

"Égide alipiga simu."

Akamgeukia mwanawe, akamtazama kwanza, halafu akanirudia.

"Wewe ulijua hii kitu iko mbaya?"

"Nilijua, mama."

"Na umeikula mbele ya watu wote, umemeza, umecheka. Kwa sababu ya huyu?" Akamwonyesha Égide kwa kidevu.

"Ndiyo, mama."

"Basi mtoto wangu, shida yako si kupika. Iko na shida kubwa zaidi."

Na akacheka. Akafungua mdomo akacheka, na meno yake yote, mpaka lile la dhahabu, yalikuwa ya kijani, na nyumba nzima ikaangua kicheko, Clarisse analia akijishika tumbo, kichanga kimeamka kinapiga kelele, hata Masenge aligeukia ukutani mabega yanamtetemeka. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, sijui nilikuwa nafanya lipi zaidi. Mama mkwe akaninyanyua kwa mkono wake, akasema gusaba itapangwa, asiwepo mtu wa kuuliza tena, na kwamba siku hiyo nikionekana jikoni yeye anarudisha watu wake nyumbani.

Rangi ile haikutoka kwa mswaki, wala ndimu, wala majivu. Jumatatu nilikwenda ofisini nikaongea na wateja huku nimefunika mdomo, bosi akanipa pole ya jino. Mahari ilikuja, harusi ilifanyika, nilikula kilichopikwa na watu wenye akili. Nimeapa, na Égide ameapa pia maana nilimshikisha Biblia, kwamba nikiona video ya chakula nitaiangalia peke yangu, na kwamba umuganda nitabaki kwenye mtaro mpaka mwisho. Pistachio nikizikuta dukani Remera nazipita kama mtu anayenidai ambaye sitaki anione.

Ila kuna picha. Kabla hatujaondoka siku ile, mtu alisema tupige ya ukumbusho na mtoto, wakatupanga, mimi na doa langu kifuani nikajaribu kukaa nyuma, midomo nimeibana. Mama mkwe akanivuta mbele, akanishika kiuno, akaninong'oneza, "Cheka." Ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwake, juu ya televisheni, kubwa, ina fremu. Wageni wakiuliza wale wawili wenye meno ya kijani ni akina nani, anawajibu bila kuangalia: "Ni mimi na binti yangu."