Kinyoka Chumbani kwa Mwali

Enzi zetu zile za ruksa, mitumba ilipoanza kupanda milima mpaka Kinole na kila kijana akajiona wa mjini, wasichana bado walikuwa wakichezwa ngoma. Dada yangu Mwanahawa aliwekwa ndani miezi mingi, akinona kwa ndizi za nazi na mafunzo ya kungwi wake, Mama Zena. Bibi alituonya kila siku: "Mwanamume akimwona mwali kabla ya ngoma, shughuli imeharibika. Atarudi ndani aanze upya!"

Jioni ya kuamkia siku ya kutolewa, mvua imekatika, mimi mdogo wake wa kike nikamwingizia kuni. Kwenye gogo lililooza kikatoka kinyoka cha konokono. Nani wa rika letu asiyekijua? Kahawia, chembamba kama kamba ya kiatu. Hushinda kimejificha chini ya majani makavu, kikitoka hufuata ute wa konokono wasio na nyumba, wale wanaotumalizia mboga. Hakitagi, huzaa. Wala hakiumi, ukikigusa kinajikunja mviringo, kinangoja uondoke zako.

Lakini kamwambie Mama Zena! Mama aliyemfunda dada ujasiri miezi yote ile alitoka mbio, khanga inamvuka, anapiga yowe: "Nyoka! Wanaume, njooni na mapanga!"

Jamani, nilichoka. Wanaume wakaja kweli. Wakiingia, wanamwona mwali. Akitoka, wanamwona vilevile. Nikasimama mlangoni nimetanua mikono.

"We mtoto, pisha! Dada yako atakufa!"

"Hakiumi!"

"Nyoka ni nyoka!"

Nikageuka ndani kuomba msaada. Mwanahawa alikuwa amechuchumaa, akakizoa taratibu kwa kawa la kufunikia chakula, akakipitisha kwenye upenyo wa ukuta wa nyuma, kikapotelea migombani. Kesho yake akatolewa, akacheza mpaka vumbi likatimka.

Siku hizi misitu imepungua, dawa za mboga zimemaliza konokono, na kinyoka hakionekani tena. Wajukuu zetu wakikutana na jongoo wanapiga picha kwanza, kelele baadaye. Kuwekwa ndani? Nani atakubali kukaa bila simu? Nayakumbuka yale mambo kwa hamu, kana kwamba kila mtu aliyafurahia. Juzi nikamuuliza dada kama hakuogopa siku ile.

"Niogope nini?" akasema. "Miezi yote ile, ndicho kiumbe pekee kilichoingia bila kunifunda."